Machozi Yalitiririka, Kumbe Macho Yalikuwa Makavu

Kwa miaka kadhaa macho yangu yalitoka machozi mchana kutwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ukavu. Najua maneno hayo yanagongana. Daktari aliponiambia mara ya kwanza nilidhani ameshika faili la mgonjwa mwingine. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa hadi leo nakutana na wanawake wanaofuta macho kwa ncha ya khanga bila kujua wanaumwa nini, nimeona nitoe ushuhuda huu wazi, nikiwa bado naona na bado nashona, Alhamdulillahi.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga. Kazi nilifundishwa na shangazi yangu pale Ngamiani, tangu kutia uzi hadi kukata gauni la harusi. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mume wangu alihamishwa na ofisi yake, nami nikafuata na cherehani yangu. Nikapata fremu karibu na Soko la Majengo, wateja wakanijua, maisha yakatulia.

Aliyekulia pwani haijui hewa kavu mpaka aishi Dodoma. Tanga ukianika khanga jioni ya masika, asubuhi unaikuta bado mbichi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua huja kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Mwaka wa kwanza midomo ilipasuka, visigino vikachanika, nikanunua mafuta ya nazi nikajipaka. Macho sikuyawazia. Sikujua kwamba nayo yana mafuta yake, na kwamba mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yakipungua.

Ilianza kwa kuchoma saa za alasiri. Kisha ikaja hali ya kuhisi mchanga: nafumba jicho nasikia kitu kinakwaruza, nalifunua mbele ya kioo sioni kitu. Kisha machozi. Nikipanda bodaboda, machozi. Nikiwasha feni, machozi. Nikipepea jiko la mkaa, machozi hadi kifuani. Wateja waliingia wakanikuta nafuta uso wakanipa pole ya msiba, na mzee mmoja wa mtaani alimuuliza mume wangu kwa adabu kama nyumbani kuna amani.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonivunja nguvu ni tundu la sindano. Nilikuwa nimepokea oda ya sare za harusi, kitambaa cheusi, na kitambaa cheusi ndicho kinachopima macho ya fundi. Naliona tundu wazi, nasogeza uzi, na kabla uzi haujafika tundu limefifia. Napepesa macho, linarudi. Nasogeza tena, linapotea. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba jicho linaloona vizuri mara tu baada ya kupepesa, kisha likafifia ndani ya sekunde chache, mara nyingi tatizo lake liko kwenye utando wa machozi unaofunika uso wa jicho, kwa sababu mwanga hupita kwanza kwenye utando huo kabla ya kufika kwingine kokote. Utando ukichanika, unachokitazama nacho kinavurugika. Lakini siku hizo sikuwa na wa kunieleza. Nilijua jambo moja tu, kwamba fundi asiyeona tundu la sindano hana kazi. Nusu ya oda ile nilimpa fundi mwenzangu, na faida ikaenda nayo. Usiku nililala nikipiga hesabu za ada ya binti yangu aliyekuwa chuoni.

Dodoma ukisema macho yanatoka machozi, neno la kwanza utakaloambiwa ni vikope. Jirani yangu, mama wa Kigogo kutoka Kongwa, alinishika kidevu akanitazama machoni kwa muda mrefu. Alikuwa na sababu. Wilaya ya Kongwa imejulikana kwa miaka mingi kwa trakoma, ndiyo hivyo vikope, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa kwa mikono, vitambaa vya kufutia uso na nzi. Ukimrudia mtu mara nyingi tangu utotoni, huacha makovu ndani ya kope, kope zikajikunja, na nywele zake zikawa zinakwaruza jicho kila linapopepesa. Bibi mzaa mama wa jirani yangu huyo alipofuka kwa ugonjwa huo. Alinisihi niende hospitali kabla mambo hayajaharibika, na katika ushauri wote niliopewa, wake ndio uliokuwa na faida.

Wengine walileta yao: maziwa ya mama anayenyonyesha, asali, maji ya majani yaliyochemshwa. Shangazi alinitumia kwa basi chupa ya maji ya waridi pamoja na wanja mpya. Maziwa na asali niliyakataa, na hapa nasema kwa mkazo wote nilio nao: jicho lililokauka limepoteza kinga yake, na chochote kisicho safi kinachotiwa humo kinaweza kuzaa kidonda kwenye konea, ule uwazi wa mbele wa jicho. Kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati, uoni umekwenda. Wanja niliendelea kuupaka kwa namna niliyoizoea tangu ujana, ndani ya ukingo wa kope. Nitaurudia wanja baadaye.

Nilikwenda zahanati, nikaambiwa ni mzio wa vumbi, nikapewa vile vidonge vidogo vya njano vya mzio. Nilivimeza, nikasinzia kwenye cherehani, macho yakazidi kuchoma. Nilikwenda kununua miwani ya kusomea. Tundu la sindano likawa kubwa kidogo, lakini moto ulibaki pale pale. Ndipo nikafika duka moja la dawa. Kijana aliyekuwa kaunta hakuniuliza chochote. Alinitazama macho mekundu, akachukua kichupa rafuni, akaniambia nidondoshe mara nne kwa siku.

Dawa ile ilifanya kazi, na huo ndio ubaya wake. Ndani ya siku chache macho yakawa meupe, moto ukapungua, nikamwombea kijana yule dua. Nilipomaliza kichupa, wekundu ulirudi kwa nguvu. Nikanunua kingine. Kikawa kitu cha kudumu katika mkoba wangu, pamoja na futikamba na chaki. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani yake mna deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo huzima uvimbe upesi, lakini ikitumiwa muda mrefu bila kuangaliwa inaweza kupandisha presha ya macho kwa baadhi ya watu, na pia kuleta mtoto wa jicho. Presha ya macho haiumi. Inakula mshipa wa kuonea taratibu, na kilicholiwa hakirudi.

Aliyenipeleka kwa daktari bingwa wa macho ni mume wangu. Alinikuta usiku nimekaa gizani kwa sababu taa ilinichoma, akasema neno moja: kesho hatufungui duka. Foleni ilikuwa ndefu na bima ilitusaidia. Mchana tukaitwa. Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Akasimama, akasema, "Shikamoo mama," nikamwitikia, akanikalisha. Kisha akauliza, na nasema kweli kwamba tiba yangu ilianzia kwenye maswali yale.

Mama, unafanya kazi gani? Cherehani yako imeelekea wapi? Feni iko upande gani? Unapikia nini? Hedhi bado inakuja? Mdomo je, unakauka, unaweza kumeza mkate bila maji? Viungo vinakaza asubuhi? Unatumia vidonge gani? Unapaka nini machoni? Ukilala, watu wa nyumbani wanakuambia macho yako yanafumba yote?

Nilikuwa nimezunguka kote huko na hakuna aliyewahi kuniuliza feni iko upande gani. Ilikuwa juu ya meza, imenielekea usoni.

Aligeuza kope zangu kutafuta makovu ya trakoma, hakuyaona. Akagusisha ukingo wa kope kwa kikaratasi chenye rangi ya chungwa, akazima taa, akamulika mwanga wa buluu, akaniambia nisipepese huku akihesabu. Rangi ile huonyesha utando wa machozi ulivyotandaa juu ya jicho, na mahali unapochanika hutokea doa jeusi. Kwa jicho zima utando hudumu sekunde 10 au zaidi. Wangu ulichanika kabla hajafika nne. Kisha akanipachika kipande chembamba cha karatasi maalumu kwenye kope ya chini ya kila jicho, akaniambia nifumbe kwa dakika tano, halafu akapima kwa rula ni milimita ngapi zimelowa. Macho yenye afya hulowesha milimita 10 au zaidi. Chini ya 5 ni ukavu mkali. La kulia lilitoa 7, la kushoto 6. Kipimo hicho kilianzishwa na daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903. Hakihitaji umeme wala mashine. Karatasi, saa na rula. Tangu siku ile najiuliza kwa uchungu kwa nini kitu rahisi namna hiyo, chenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, hakipo mezani katika kila hospitali ya wilaya.

Mwisho alibonyeza ukingo wa kope zangu kwa kidole. Palipopaswa kutoka mafuta maangavu pakatoka uji mzito, mweupe, ulioganda, na kwenye matundu mengine hakikutoka kitu. Akanieleza kwamba kwenye ukingo wa kila kope kuna safu ya vijitezi, ishirini hadi arobaini hivi, vinavyotoa mafuta kila tunapopepesa. Vinaitwa tezi za Meibom, kwa jina la Heinrich Meibom, Mjerumani aliyevieleza mwaka 1666.

"Machozi si maji matupu, mama," aliniambia. Chini kabisa kuna ute unaoyashikiza kwenye jicho, katikati kuna maji yenye chumvi na vitu vya kuua vijidudu, juu kuna utando wa mafuta. Akaniuliza, kati ya supu yenye mafuta juu na isiyo na mafuta, ipi inapoa upesi? Nikamjibu, isiyo na mafuta, maana mvuke wote unatoka. Akasema, basi hayo ndiyo macho yako, na umeyaleta Dodoma.

Hapo nikaelewa yale machozi. Uso wa jicho ukikauka, mishipa ya fahamu iliyopo pale, ambayo ni mingi mno, hupiga kelele. Tezi kubwa ya machozi iliyo juu ya jicho huitikia kwa kumwaga maji mengi kwa mpigo. Lakini maji hayo hayana mafuta ya kuyazuia wala ute wa kutosha wa kuyashika. Yanateremka shavuni na jicho linabaki lilivyokuwa. Ndiyo maana nilikuwa nalia nisipolia.

Sababu hazikuwa moja. Hedhi ilikuwa inakoma, na homoni zinapobadilika tezi za kope na za machozi hudhoofika, jambo linalofanya wanawake wa umri wangu kuwa wengi kwenye mabenchi yale. Kazi yangu ni ya kukodoa. Mtu akikaa tu hupepesa takriban mara 15 kwa dakika. Akikaza macho kwenye sindano, kitabu au simu, idadi hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na hata anapopepesa, kope hazikutani hadi mwisho. Feni, moshi wa mkaa na upepo wa kiangazi vilimalizia. Vidonge vya mzio nilivyokuwa nikimeza hukausha machozi kama vinavyokausha mafua. Na wanja. Ukipakwa ndani ya ukingo wa kope, unakaa juu ya midomo ya zile tezi na kuiziba, chembe zake zinaingia kwenye machozi, na wanja mwingine wa asili umekutwa na madini ya risasi. Niliposikia hilo nilinyamaza. Kwetu mwanamke bila wanja siku ya Idi amepungukiwa, na wanja ule nilifundishwa kuupaka na mama yangu, Mungu amrehemu. Niliuacha. Sasa napaka nje ya kope, mara chache, na nausafisha kabla ya kulala.

Presha ya macho ilikuwa 27, wakati ya kawaida haizidi 21. Daktari alishika kile kichupa changu, akakisoma, akakiweka mezani polepole. Hakunifokea. Aliniachisha kwa utaratibu wake, akanipima tena na tena, na presha ikashuka, mshipa ukiwa haujaharibika. Wapo ambao hufika pale mshipa umekwisha kuliwa, na kwao hakuna wa kuurudisha.

Sasa niseme tiba, maana najua wengi mnasoma mkiingoja. Haikuwa kichupa. Ilikuwa kazi ya kila siku, na sehemu yake kubwa haikununuliwa popote. Asubuhi na usiku nilichovya kitambaa safi kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, nikikipima kwanza kwenye kifundo cha mkono, nikakiweka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika kumi hivi, nikikichovya tena kila kilipopoa. Joto hulainisha yale mafuta yaliyoganda. Kisha kwa kidole safi nilisukuma kope ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, taratibu, mafuta yatoke, nikafuta ukingo wa kope kwa pamba iliyolowa maji safi yaliyochemshwa. Kwa kipindi fulani niliandikiwa pia doksisaiklini kwa dozi ndogo, kwa ajili ya uvimbe wa kope. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, wala usiiombe dukani kwa kusoma hapa.

Halafu machozi bandia. Haya ni matone ya kulainisha jicho, hayana steroidi wala antibayotiki. Yangu yalikuwa ya karboksimethiliselulosi, na usiku marhamu mazito. Daktari alinifundisha jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Vichupa vingi vina kihifadhi, hasa benzalkoni, kinachozuia vijidudu visizaliane ndani ya kichupa, na kihifadhi hicho kikitiwa mara nyingi hukera jicho lile lile kavu. Ukihitaji kudondosha zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi. Ni ghali zaidi, sikatai. Mimi nilipunguza kwanza kinachonikausha, ndipo nikamudu kutumia machache.

Fremu nayo niliipanga upya. Feni ilishuka sakafuni ikaelekea ukutani. Mkaa nikauacha, tukanunua jiko la gesi, na moshi ukatoka nyumbani kwangu. Barabarani navaa miwani mipana inayoziba pembeni. Na kila nikimaliza mshono mmoja nasimamisha mguu kwenye pedali, nafumba macho kabisa, nakaa kidogo, nayabana kwa upole, nafumbua, natazama mbali nje ya mlango. Mwanafunzi wangu wa kushona alinizoea hivyo hata akawa anafanya na yeye.

Ramadhani iliponikuta katikati ya tiba niliingiwa na wasiwasi, maana tone la dawa nililisikia kooni. Shehe wa msikiti wetu alinijibu kwamba matone ya jicho hayafunguzi. Daktari akaongeza la kwake: baada ya kudondosha, fumba jicho, bonyeza kwa kidole kwenye kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja hivi, maana ndipo ulipo mfereji unaopeleka machozi puani na kooni. Tangu hapo ule uchungu kooni ulikwisha, na dawa ikakaa inapotakiwa.

Sitaki mtu adhani nilipona kwa wiki. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti. Mwezi wa pili asubuhi zikawa nafuu, alasiri bado moto. Kisha Agosti ikaja na pepo zake, nikarudi nyuma hadi nikatamani kuacha yote. Maumivu ya macho yana upweke wake: hayana bandeji, hayana homa, watu wanakuona mzima. Nilipoteza hamu ya wageni, ya televisheni, hata ya kusoma Kurani usiku, jambo nililolipenda. Mume wangu ndiye aliyechemsha maji ya kukandia usiku niliposema sitaki tena. Binti yangu alipiga simu kila jioni kuuliza nimekanda au sijakanda. Nawashukuru mbele ya kila anayesoma hapa, kwa sababu tiba ya kila siku inahitaji mtu wa kukukumbusha siku ambazo umechoka.

Katika siku za kliniki nilikaa benchi moja na mama aliyekuwa na baridi yabisi. Yeye ukavu wake ulikuwa mwingine kabisa. Mdomo wake haukuwa na mate, meno yalikuwa yameoza kwa kukosa mate, na macho hayakutoa hata lile chozi langu la bure. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba kinga ya mwili wake ilikuwa inashambulia tezi zake za machozi na za mate, ugonjwa unaoitwa Sjögren kwa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933. Takriban tisa katika kila wagonjwa kumi wa aina hiyo ni wanawake. Yeye alipewa matone ya saiklosporini, yanayotuliza shambulio hilo, na akazibwa kwa vizibo vidogo ile mifereji ya kona ya jicho ili machozi machache aliyonayo yasikimbie. Naeleza habari zake kwa sababu swali lile la mkate mkavu lilimwokoa. Angeendelea kutibiwa macho peke yake, ugonjwa ungeendelea mwilini.

Mtaani nilishawishiwa pia ninunue vidonge vya mafuta ya samaki, kwa maneno matamu. Nilimuuliza daktari. Akanieleza kwamba mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia watu 535 wenye macho makavu kwa mwaka mzima. Waliomeza gramu tatu za omega-3 kila siku hawakupata nafuu kuliko waliomeza mafuta ya zeituni bila kujua. Fedha ile nikanunulia machozi bandia. Samaki naendelea kula, mimi ni mtu wa Tanga.

Leo macho yangu hayajapona kwa maana ya kusahau. Yametulia. Nakanda asubuhi, nakanda usiku, natia matone mchana, na kiangazi naongeza. Tundu la sindano naliona, na kitambaa cheusi nimekirudia. Msimu uliopita nilishona sare za harusi nzima bila kumgawia mtu. Taa hainichomi. Mteja akinikuta nafuta machozi siku hizi, ni kwa sababu nakata vitunguu nyumbani.

Nina neno kwa wenye maduka ya dawa. Mnaaminiwa kuliko mnavyodhani, kwa sababu ninyi mko karibu na hospitali iko mbali. Mtu mwenye macho mekundu akija, msimpe steroidi. Mpeni machozi bandia kama mnayo, na mwelekezeni kwenye kitengo cha macho cha hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wakubwa wa afya nao naomba zile karatasi za dakika tano na rangi ya kupimia zifike huko, maana mgonjwa anayepimwa mapema hagharimu serikali konea.

Nawe uliyefuta macho ukisoma haya, soma kisanduku cha dawa unayotia. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na hukuandikiwa na daktari anayekupima presha ya macho, chukua kichupa hicho uende nacho hospitali wiki hii. Mweleze daktari kazi unayofanya, unachopikia, vidonge vyote unavyomeza na feni ilipo, hata asipouliza. Na jicho likiuma vikali, likitoa usaha, likishindwa kuvumilia mwanga, likipata doa jeupe au uoni ukipungua ghafla, huo si ukavu wa kukandwa nyumbani. Nenda siku hiyo hiyo.